Bwana Shamba na Nyanya za Mezani

Ukipita barazani kwake saa mbili asubuhi, ulikuwa unamkuta ameinama juu ya meza ya sebuleni, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, rula ya mbao mkononi, anapima mche wa nyanya uliosimama ndani ya sanduku jeupe la plastiki. "Sentimita ishirini na mbili na nusu," anasema, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu. Hiyo nusu usiiguse. Siku moja nilimwambia nusu sentimita si kitu, hata mimi fundi cherehani naiachia tu ipotee kwenye pindo. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Sisi wa Ikungi tulimwita Bwana Shamba. Alishastaafu zamani kazi ya kuwafundisha wakulima, lakini cheo hakikustaafu, na wapo watoto hapa mtaani wanaodhani ndilo jina alilobatizwa. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, tukigombana na kupatana. Mimi ni mwanamke wa mdomo, sikatai. Yeye naye hakuwa rahisi.

Salamu yake ilikuwa mtihani. Unamwambia, "Shikamoo Bwana Shamba," anakujibu, "Marahaba. Umepima?" Umepima nini? Chochote. Chumvi uliyotia kwenye mboga, umbali wa choo na kisima, dawa uliyompa mtoto. Kuna mhubiri alikuja kanisani kwao na kuhubiri kwa moto kweli kweli, watu wanalia, na mlangoni Bwana Shamba akamshika mkono akamwambia, "Dakika arobaini na moja, mchungaji." Basi. Mimi alinipenda kwa sababu ya ile futi kamba ninayoivaa shingoni. "Mimi na wewe, Fundi, ni watu wa kipimo," alikuwa akisema. Wengine wote kwake walikuwa wanafunzi, hata mzee mwenye wajukuu na ng'ombe arobaini.

Na alikuwa na dharau, jamani. Alisimama mbele ya watu wazima na viatu vyake vyeusi vilivyong'aa, akawaambia wanapanda alizeti kama wanaomwagia kuku punje. Watu walimchukia. Lakini watu hao hao, wale wa kijiji cha Mungaa, watakusimulia mwaka ambao viwavi viliingia kwenye mtama wa bibi mmoja mjane. Pikipiki ya kazi ilikuwa imekwama kwenye tope, akaenda kwa miguu, akakaa kwa yule bibi siku tatu akiokota viwavi kwa vidole, kimoja kimoja, anavitupa kwenye kopo. Alipoondoka bibi alitaka kumpa kuku, akakataa. Akamwambia mistari yake imepinda. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumpenda, anakukatisha katikati.

Kitu kimoja hakuwa nacho kabisa, neno pole. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kushika jembe makaburini na wa mwisho kuondoka, ila mfiwa hakusikia pole yake. Akikukanyaga anakuambia usogeze mguu. Nilimuuliza mara moja mbona neno dogo hivyo linamshinda. Akajibu kwamba pole haina faida yoyote kwa aliyeumia. Nikamwambia wewe mwanamume una roho ya bati. Mkewe, aliyekuwa anachambua mlenda pembeni, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Huyo mkewe, Mama Anjela, alikuwa anauza nyanya. Siku za mnada alikaa safu ya pili kutoka barabarani, nyanya zake zimepangwa mafungu kwenye gunia, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Hakulima. Alinunua kwa wenzake akauza. Mimi nilidhani ndivyo alivyopenda, kwa maana wapo wenye mkono wa kuuza na wapo wenye mkono wa kulima. Sikujua kitu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alianguka jikoni. Kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudi upande wa kulia umekufa na ulimi umefungwa. Kichwani alikuwepo, macho yake yalikufuata popote, lakini neno halikutoka. Bwana Shamba akahamishia kitanda chao sebuleni, karibu na dirisha, ili mkewe aone njia. Akajifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumwogesha, kumbadilisha nguo, kumpaka mafuta mgongoni asitoke vidonda. Mwanamume wa umri ule! Sijawahi kumwona mwanamume wa hapa akimfanyia mke wake vile. Na alifanya bila kuongea.

Ila alipomletea chakula, Mama Anjela alifumba mdomo.

Mara ya kwanza tulidhani ni ugonjwa. Nesi alikuwa ametuambia kumeza kutamwia vigumu, tumpe vitu laini tu, tumkalishe kwanza, tena kijiko kidogo na taratibu asije akapaliwa. Bwana Shamba alifuata yote. Alipima joto la uji kwa kiwiko. Akasogeza kijiko, na yule mama akabana midomo mpaka ikawa myeupe, akageuza uso ukutani. Nilikuwa nimesimama pale. Nikachukua bakuli ili nijaribu mimi, na kwangu akafungua. Si vingi, vijiko vitano au sita, lakini alifungua.

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mwili wote alimwachia mumewe augeuze atakavyo, maana hakuwa na namna. Kinywa ndicho kitu pekee alichobaki nacho chenye mlango, na huo mlango mumewe hakufunguliwa.

Basi kazi ya uji ikawa yangu. Mwezi wa Ramadhani ulinikuta hapo, mimi nimefunga, midomo imekauka, nakoroga uji wa uwele wa mgonjwa na kumlisha, na Bwana Shamba amesimama mlangoni ameshika kitambaa cha kumfutia kidevu. Kila siku alisimama pale. Kila siku alijaribu kwanza yeye, kijiko kimoja, akanyimwa, ndipo ananipa bakuli. Nilikuwa nikimwambia, "Acha, utamchosha." Ananijibu, "Leo huenda." Mtu wa vipimo na ushahidi, eti leo huenda!

Mama Anjela alikuwa anapungua. Mkono uliokuwa ukiinua debe la nyanya ukawa kama mwiko. Nesi alipokuja kumtazama alisema kwa kiwango kile cha kula hatafika mbali, huenda ikabidi awekewe mpira puani. Bwana Shamba akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa kwenye ngazi mpaka saa ya kumgeuza mkewe ilipofika.

Sanduku lililetwa na Anjela, binti yao, anayefanya kazi Kanada ya kutunza wazee wa watu. Alikuja wiki mbili, akalia sana, akarudi. Alituachia hilo sanduku mezani. Lina maji chini, kuna pampu ndogo inayonguruma kama paka, juu kuna matundu, na kila tundu lina kikapu cha plastiki chenye sifongo. Mbegu unaiweka ndani ya sifongo. Kuna chupa mbili za chakula cha mimea unachotia kwenye maji, na mlingoti wenye taa kali inayowaka mchana kutwa mahali pa jua. Udongo hakuna hata chembe. Mbegu zilikuwa za nyanya ndogo zile, za ukubwa wa zabibu.

"Mmea bila udongo," alisema Bwana Shamba, "ni mtoto bila ukoo." Alikuwa ametembea wilaya nzima miaka thelathini akiwaambia watu habari za udongo, udongo, udongo. Akalifunika sanduku kwa kitambaa cha meza. Anjela akamwambia, "Baba, si kwa ajili yako. Mama aone kitu kinaota." Akaliwasha siku ya kuondoka, akiwa amevaa tayari koti la safari.

Siku ya nane tulikuta vijani viwili vimechungulia. Na Mama Anjela, ambaye kwa miezi alikuwa ametazama ama ukuta ama njia, alikuwa amegeuza kichwa upande wa taa. Bwana Shamba aliona. Mimi pia niliona, ila mimi niliona mgonjwa ametazama mwanga. Yeye aliona kitu kingine.

"Fundi," akaninong'oneza barazani, "atakula nyanya hizi."

"Zikiiva lini?"

"Zikiiva atakula. Kutoka mkononi mwangu."

Toka siku hiyo mzee yule alikuwa mtumwa wa lile sanduku. Maji ya kisima chetu yana chumvi ambayo kwenye chai huwezi kuificha hata kwa sukari, kwa hiyo alikusanya maji ya mvua ya mwisho ya masika katika kila chombo cha nyumba, hadi chungu cha ugali. Umeme ukikatika alikaa anayakoroga maji kwa kijiko cha chai ili mizizi isikose hewa, saa nzima, saa mbili, mkono ukichoka anabadilisha. Alipunguza majani kwa wembe. Aliisoma ile karatasi ya maelekezo na kamusi ya Kiingereza pembeni, neno kwa neno. Mche ukarefuka, ukatoa maua ya manjano, na akanishika bega, yeye asiyemshika mtu, akaniambia, "Umeona?"

Maua yakadondoka.

Yakatoka mengine. Yakadondoka tena. Asubuhi unayakuta yamelala juu ya kifuniko cha sanduku, mazima, yamekatika shingoni. Akapunguza chakula, akaongeza chakula. Akasogeza taa juu, akasogeza taa chini. Akampigia Anjela simu, na Anjela naye hakujua, ni mtoto wa darasani. Bwana Shamba aliyafunga maua yaliyodondoka kwenye karatasi kama dawa, anayafungua, anayatazama kwa lenzi, anayafunga. Alikuwa hanyoi ndevu tena. Nilimkuta siku moja anaongea na ule mche kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, anausihi. Wallahi nilirudi nyuma kimyakimya, nikajifanya sijafika.

Na hapo pakaongezeka taabu nyingine. Kila asubuhi Bwana Shamba akiinamia sanduku, Mama Anjela alianza kugonga ubao wa kitanda kwa mkono wake wa kushoto, ule ulio hai. Ko, ko, ko. Anapumzika. Ko, ko, ko. Bwana Shamba anaacha nyanya, anakimbia, anamgeuza, ananiita nimpe dawa ya maumivu iliyosagwa, anamwuliza unaumwa wapi. Yule mama anafumba macho kama mtu aliyechoshwa na mjinga. Akirudi kwenye sanduku, ko, ko, ko. Aliita nesi. Nesi akasema huenda ni mishipa.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, maua ya awamu ya tatu yamedondoka yote, pale alipovunjika. Nilikuwa nimeleta uji. Mama Anjela alikuwa amekula vijiko viwili tu hata kwangu, cha tatu kikamtoka pembeni. Bwana Shamba alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya sanduku, mikono imeanguka.

"Hatazifikia," akasema. "Atakufa kabla."

"Usimtabirie mtu mbele ya uso wake," nikamwambia. "Na hebu niambie leo. Ulimfanya nini huyu mama? Mimi sijaolewa na wewe, sitakuonea haya. Ulimfanya nini mpaka akufungie mdomo?"

Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Akaanza kusema huku ametazama sakafu, na mkewe anasikia yote.

Kumbe Mama Anjela alikuwa mkulima kabla mimi sijahamia hapa. Alikuwa na bustani ya nyanya bondeni, ndogo, aliyoimwagilia kwa ndoo, na ilimpa nyanya ambazo hata wilaya jirani walizifuata. Hakupima kitu. Alikuwa na tabia yake moja: kila asubuhi anapita katikati ya miche na bua la mtama, anagonga kila kijiti kilichoshikilia mche, ko, ko, ko, anaendelea. Hakujua kwa nini. Aliona mama yake akifanya. Basi Bwana Shamba akawapeleka wakulima thelathini kwenye bustani ile kwa mafunzo, wakamkuta anagonga, na yeye mbele ya wote akasema, "Mwoneni mke wangu, anachapa nyanya kama watoto wa shule. Huu ndio ushirikina ninaowaambia muuache." Wakacheka. Mama Anjela akaweka bua chini.

"Kwa hilo tu?" nikauliza.

"Si hilo tu."

Mwezi ule ule walitarajia wageni wakubwa, na alihitaji shamba darasa lenye mistari iliyonyooka. Bustani ya mkewe ilikuwa karibu na barabara, ina maji. Akaing'oa. Miche ilikuwa na maua. Aliing'oa mchana mkewe akiwa kwao kumwuguza mama yake, akapanda mbegu mpya kwa kipimo chake, sentimita sitini kwa sitini. Wageni hawakuja. Mbegu mpya ikapigwa na mnyauko, ikafa yote.

"Alisema nini aliporudi?"

"Hakusema kitu. Hakusema kitu mpaka leo. Aliuliza tu jembe lake nimeliweka wapi, akaenda kulirudisha kwa mama yake. Hakulima tena." Akainua macho. "Fundi, umewahi kula kwangu?"

"Mara ngapi!"

"Umewahi kuona nyanya kwenye mboga ya nyumba hii?"

Nikafikiri. Mlenda wa karanga. Maharage meupe. Kuku wa kuchemsha kwa chumvi. Nyumba ya muuza nyanya, na kweli, sijawahi kuona nyanya sufuriani.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Nikala. Sikuuliza hata siku moja, kwa sababu najua."

"Na pole hukumwambia."

"Nimemwambia."

"Lini?"

"Akiwa amelala."

Loh! Nilitaka kumtwanga na lile bakuli, na nilitaka kulia, vyote viwili kwa pamoja. Na hapo hapo, kutoka kitandani, ko, ko, ko.

Bwana Shamba akainuka kwenda kumgeuza. Mimi nikamshika shati. Sina elimu ya mimea, darasa la saba tu, lakini nimetoka kusikia kisa cha bua la mtama sasa hivi, na masikio ninayo. "Kaa hapo," nikamwambia. "Huyu haumwi. Anakwambia uzigonge."

Akasimama katikati ya chumba. Akamtazama mkewe. Yule mama naye akamtazama, kwa mara ya kwanza bila kugeuza uso, akagonga tena, taratibu, kama anayemfundisha mtoto mgumu.

"Chavua," akasema Bwana Shamba. Akanieleza baadaye: unga wa ua la nyanya haushuki wenyewe, lazima ua litikiswe. Shambani upepo unatikisa, nyuki wanatikisa. Ndani ya nyumba, dirisha limefungwa vumbi lisimfikie mgonjwa, hakuna wa kutikisa. Alifundisha jambo hilo miaka thelathini, ubaoni, kwa mchoro na mishale. Shambani hakuwahi kulihitaji, kwa hiyo lilibaki ubaoni. Mkewe asiyejua neno chavua alilijua kwa mkono.

Hakupata bua la mtama siku ile, akatumia kijiko. Kila asubuhi akawa anagonga mlingoti wa sanduku na vikonyo vya maua, polepole, na Mama Anjela kitandani anagonga naye. Akizidisha nguvu, mkewe anakunja uso. Akipatia, mkono unatulia. Sijawahi kuona mafunzo kama yale. Mwalimu hana sauti na mwanafunzi ana shahada.

Maua ya awamu ya nne yakashika. Vikatokea vitunda kama punje za mtama, vikawa kama karanga. Lakini Mama Anjela alikuwa anaondoka. Uji wangu ulifika vijiko vitatu, viwili. Bwana Shamba alikuwa anazitazama nyanya zile za kijani kwa macho ya mtu anayelisubiri basi akiwa na mgonjwa mgongoni. "Iveni," aliziambia. "Iveni basi." Nilimwambia achukue za sokoni, zimejaa, nyekundu, atampa leo hii. Akasema za sokoni si zake yeye. Nikamwona mkaidi. Sasa namwelewa, ingawa hata sasa ningechukua za sokoni.

Ziliiva tatu kwa pamoja, Jumapili. Alizichuma, akazimenya kwa maji ya moto, akatoa mbegu zote kwa ncha ya kisu, akaziponda na kuzichuja kwa kipande cha shashi, kitambaa chepesi nilichompa kutoka dukani kwangu, kwa hofu mkewe asije akapaliwa. Kilichobaki kilikuwa vijiko vitatu vya maji mazito mekundu. Akamkalisha mkewe, akamwegemeza kwenye mito. Akapiga magoti kwa sababu kigoda kilikuwa kifupi mno.

"Mama Anjela," akasema. "Niliing'oa bustani yako. Nilikufanya uchekwe na watu. Pole. Pole sana, mke wangu."

Mkewe hakuwa amelala safari hii.

Akasogeza kijiko. Midomo ilikaa imebana, nami nilikuwa naomba dua zote ninazozijua. Kisha ikafunguka. Akameza. Kijiko cha pili akameza. Cha tatu alikishika mdomoni muda mrefu, macho yamefumbwa, akameza. Bwana Shamba akabaki amepiga magoti na kijiko kitupu, hakujua pa kukiweka.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Alikula kwa mumewe tu: nyanya zile kila zilipoiva, na uji aliokoroga mwenyewe Bwana Shamba, uliojaa madonge, ambao mtu mzima hawezi kuumeza bila kumwonea huruma mpishi. Mimi sikuonekana tena na bakuli langu. Siku ya kumi na mbili alfajiri alikuwa amepoa, mkono wa kushoto ukiwa juu ya ubao wa kitanda.

Tulizika. Anjela alifuatilia kwa simu, hakupata ruhusa. Bwana Shamba alishika jembe makaburini kama kawaida yake, watu wakamnyang'anya. Baada ya arobaini alizima lile sanduku, akaufunga mlango wa mbele, akawa anatumia wa uani. Nilimgongea mara kadhaa, akanijibu kupitia dirishani kwamba hajambo.

Nilikutana naye tena siku ya mnada, miezi miwili iliyopita. Nilikuwa nimefuata uzi na zipu. Nikasikia wenye mikokoteni wanapiga kelele, "Pisha, mzee! Mzee, pisha!" Nikatazama, ni yeye, amesimama katikati ya njia, safu ya pili ya wauza nyanya, pale alipokuwa akikaa mkewe. Shati limekosewa vifungo. Watu wanampita huku na huku, naye hasogei. Nikamshika mkono nikamvuta mpaka chini ya turubai la mwanamke mmoja anayenifahamu, akatupatia kreti la kukalia. Hakukalia.

"Shikamoo Bwana Shamba."

"Fundi," akasema, salamu hakuipokea. "Nataka kukuuliza kitu, na usinipambie maneno."

"Uliza."

"Alikula kwa sababu alinisamehe, au alikula kwa sababu ya njaa?"

Nikamsogezea kreti tena.

"Wewe ulikuwa umeacha kuleta uji," akaendelea. "Nimefikiri kila siku. Ulikuwa umeacha. Nilibaki mimi tu na kijiko. Mtu mwenye njaa angefanyaje? Angekula kwa nani?"

Ningeweza kumwambia amekusamehe, tulia, kama watu wote wanavyomwambia mfiwa. Asingeniamini. Nikaona hakuna njia ila nimpe kitu nilichokificha, ambacho nilikusudia kwenda nacho kaburini kwa aibu.

"Sikuacha," nikamwambia. "Siku ya nne ulikwenda kuchukua dawa, ukaniacha naye. Nikaleta uji wangu, mzuri, si ule wako wa madonge. Akakataa. Nikadhani anataka nyanya, nikachukua ile uliyoacha umeiponda, kijiko kile kile chako. Akakataa. Nilijaribu mara tatu. Tumbo lake lilikuwa linanguruma, Bwana Shamba, nililisikia kwa masikio yangu. Njaa alikuwa nayo. Akafumba mdomo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na wivu. Miezi sita nimemlisha mimi, akanifungia mlango siku moja. Niliona uchungu, nikanyamaza. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alikuwa ameushika mshikio wa lile kreti kwa mikono miwili.

"Alifumba mdomo," akasema.

"Alifumba, akageuza uso."

"Ukutani?"

"Mlangoni. Ulikotokea wewe."

"Akatazama mlango."

"Akatazama mlango."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulipoingia."

Akaketi. Akaangua kilio pale pale, Bwana Shamba, mbele ya wanafunzi wake wa wilaya nzima na mafungu yao ya nyanya, kwa sauti, mdomo wazi. Wateja wakasimama kutazama. Nikaifungua kanga yangu begani, nikaitanda mbele yake kwa mikono miwili, nikawaambia waende zao.